Mtoto Aliyeambiwa Asubiri

Sogeeni karibu, na mwenye moyo mwepesi akae katikati, maana wa pembeni ndiye hushikwa bega.

Pale mtaani Ziwa la Ng'ombe kuna kanisa dogo la mabati na msikiti wa mawe, vimetazamana mlango kwa mlango kama mawifi wawili waliochoka kununiana. Kati yao pana njia ya mchanga. Gari haipiti, hupita mkokoteni wa maji, mbuzi wa watu na maneno ya watu. Ukifika hapo ukauliza Dhahabu ni nani, hata mbuzi watakuonyesha kwa pembe.

Dhahabu binti Masha ndiye anayefagia lile kanisa. Ni Mgiriama mrefu, umri umeshapita sitini, mgongo umepinda kidogo kwa kuinamia fagio. Aliolewa, akafiwa, hakujaliwa mtoto. Ulimi anao. Kuna mhubiri mgeni aliwahi kuhubiri tangu asubuhi hadi wali ukaganda, na alipotoka nje Dhahabu alimwambia, "Leo hata Lazaro angeomba arudi kulala." Watu walimpenda kwa hayo. Jambo moja tu hawakulielewa: hagusi sabuni ya kunukia. Hujisugua kwa dodoki na maji ya ndimu. Ukimpa sabuni ya zawadi, huishika kwa ncha za vidole, huvuka nayo njia hadi dukani kwa Bi Alawiya, akaiweka mezani kama kitu kilichomwuma.

Lakini sifa yake kubwa haikuwa fagio wala ulimi. Ilikuwa benchi.

Benchi hilo liko barazani pa kanisa, na watu huliita benchi la waliopotea. Lilianza hivi. Mtoto akipotea mtaani, desturi ilikuwa kumpeleka msikitini, kwa sababu msikiti una kipaza sauti, na kipaza kile, nawaambia, kikifunguliwa sana kuku wa Bamburi hutaga bila kutaka. Ila msikiti hauna kivuli nje, na mama wa kanisani akimfuata mwanawe husimama jua kali akiona haya kuingia. Basi wazee wa nyumba zote mbili wakakaa, wakanywa kahawa, wakakubaliana. Kanisa litoe benchi na kivuli. Msikiti utoe sauti. Bi Alawiya, ambaye ukoo wake umeendesha duka tangu bahari ikiwa changa, atoe cha kutafuna. Na Dhahabu akae na mtoto.

Wakaweka na sheria zake. Tangazo hutolewa mara tatu: baada ya sala ya alasiri, jua linapoondoka kwenye kizingiti cha kanisa, na kabla ya magharibi. Adhana ya magharibi ikilia na mwenye mtoto hajatokea, mchungaji, Pasta Matthew, humchukua mtoto hadi kituoni kwa polisi. Na sheria kubwa kuliko zote ni amana. Katika kila mtoto Dhahabu huchagua alama moja ambayo haitajwi kwenye kipaza: kovu, kifungo kilichokatika, kucha iliyong'oka. Anayekuja kudai mtoto lazima aitaje mwenyewe. Mwaka mmoja alikuja bwana mwenye machozi mazuri kabisa, akalia hadi mbuzi wakasimama. Alipoulizwa amana akasema kovu gotini. Haikuwa kovu. Bwana yule alikimbizwa kwa viatu vya Wakristo na Waislamu, huwezi kujua kipi cha nani.

Miaka kumi na mmoja, watoto zaidi ya tisini, na hakuna hata mmoja aliyepewa asiye wake. Kwa hilo Dhahabu aliaminiwa hadi na wanawake wasioaminiana wenyewe. Jina lake lilikuwa mali yake yote.

Sasa ilikuwa Alhamisi moja ya kaskazi, jua limekaa juu ya mabati kama kaango. Mifereji ilikuwa mikavu siku ya tisa. Dhahabu alikuwa ndani akifagia chini ya viti. Alasiri ilikuwa imeshasaliwa na waumini wametawanyika. Alipotoka barazani akakuta mtoto kwenye benchi.

Mtoto wa kike, wa miaka minne hivi. Misuko mitatu. Miguu haifiki chini. Hakuna aliyemleta, na mtoto aliyepotea kila mara huletwa na kundi la watu kumi, kila mmoja akisema ni yeye aliyemwona kwanza.

"We mwana," Dhahabu akasema, "nani kakuleta?"

Mtoto hakumtazama. Alikuwa ameshika pindo la gauni lake, akilisokota kwa vidole vidogo, midomo ikicheza.

"Dada amesema nisubiri," akasema. "Nisiinuke."

Kisha akaendelea na midomo yake, na Dhahabu akainama kusikia. Mtoto alikuwa akihesabu.

"Moja, mbili, tatu. Moja, mbili, tatu."

Dhahabu akaona tone la maji likidondoka kutoka kwenye benchi. Likafuatwa na jingine. Chini yake mchanga ulikuwa umelowa, na miguu ya mtoto ilikuwa na tope jekundu, bichi, la mvua. Mvua haikuwa imenyesha tangu Novemba.

Akatazama gauni. La manjano, limeshonwa kwa kipande cha leso, ile ya korosho kubwa kubwa. Akapiga magoti polepole, kama mtu anayesali asiyejua anamwomba nani, akagusa pindo la kushoto. Palikuwa na fundo. Ndani ya fundo palikuwa na vitu vitatu vigumu.

Alijua ni nini bila kufungua. Mbegu za ukwaju. Fundo lile alilifunga yeye, kwa vidole vyake, alipokuwa na umri wa miaka tisa.

Huyo alikuwa Nyevu, mdogo wake, aliyepotea soko la Marikiti miaka hamsini na nne iliyopita. Na hakuwa amekua hata ukucha.

Msinitazame hivyo. Nasema lililokuwa.

Bi Alawiya akavuka njia na sahani ya kaimati, yale maandazi madogo ya sukari. Ni mwanamke mnene, mcheshi, hutembea kama anayesindikizwa na tarumbeta.

"Haya mgeni wetu, karibu. Dhahabu, mbona umepiga magoti? Umeshaanza kusali kabla ya Jumapili?" Akaweka sahani, akamtazama mtoto, sauti ikashuka. "Maskini, na gauni lake la kijani. Mbona amelowa?"

"Kijani?" Dhahabu akasema.

Pasta Matthew akatokea upande wa ofisi, simu mkononi. Yeye ni mtu wa bara, Mkamba wa Machakos, mpole, huogopa bahari na kuku. "Nimemwona kwa dirisha," akasema. "Huyu wa gauni la buluu ameletwa na nani?"

"Buluu!" Bi Alawiya akacheka. "Pasta, wallahi wewe kanunue miwani."

Hapo akafika Mzee Abdulghani, muadhini, ambaye macho yake yana ukungu hata akila ndizi huanza na ganda. Alikuja kuuliza maelezo ya tangazo, kama ilivyo desturi. "Salaam alaykum nyote. Haya, n'nadi nini? Mtoto yuwapi?"

"Huyo hapo mbele yako, mzee."

Abdulghani akainamisha kichwa. Halafu akasema jambo lililomfanya Dhahabu ashike nguzo. "Nyinyi mwabishana nini? Gauni ni la manjano. Ajabu, mimi sioni hata mkono wangu, lakini huyu namuona kama mchana."

Wakatazamana. Dhahabu akamwambia mzee haraka, "Nadi mtoto wa kike, miaka minne, misuko mitatu. Rangi ya gauni iache."

"Na amana?"

"Ninayo."

Ndivyo alivyosema. Na hakusema zaidi. Angeweza kusema, "Huyu ni mdogo wangu." Lakini hapo angeulizwa alipoteaje, na swali hilo Dhahabu alikuwa amelijibu uongo maisha yake yote.

Tangazo la kwanza likatoka. Sauti ya Abdulghani ikapita juu ya mapaa. Wakaja wanawake wawili, mmoja na mtoto mgongoni. Walipofika hatua tatu kutoka kwenye benchi, mtoto wa mgongoni akapiga ukelele, akauma bega la mama yake. Wakarudi bila kuaga. Paka wa msikiti, ambaye hajawahi kuondoka kizingitini hata kwa fimbo, alivuka ukuta na hajarudi hadi leo.

Mtoto akala kaimati. Akatafuna, akameza, akachukua nyingine. Bi Alawiya alikaa akitazama sahani. Alikuwa ameleta kumi na mbili. Baada ya muda akazihesabu kwa kidole, akahesabu tena, akasimama.

"Dhahabu."

"Abee."

"Ziko kumi na mbili."

"Najua."

"Mimi naenda kufunga duka," Bi Alawiya akasema. Lakini hakwenda. Alikaa kwenye ngazi ya kanisa akimpa mtoto mgongo, akisoma alichokijua kwa sauti ndogo. Nampendea hilo. Wengine wangekimbia.

Dhahabu akajaribu kumshika mtoto mkono. Mtoto akauvuta, akauficha nyuma.

"Dada amesema nisimpe mtu mkono," akasema. "Moja, mbili, tatu."

Basi niwaambie kilichotokea Marikiti, maana Dhahabu hakuwa na pa kukimbilia isipokuwa huko.

Ilikuwa masika. Mama yao, Mbodze, aliwavusha kutoka Bamburi hadi kisiwani, kupitia lile daraja la zamani la Nyali lililokuwa likielea majini na kulia likikanyagwa. Mama akaingia upande wa nyama. Akamwambia Dhahabu, "Mshike mwenzio mkono, msitoke hapa." Dhahabu akasema ndiyo. Mara akasikia muziki. Nje lilikuwa limekuja gari lenye kipaza juu, gari la sabuni, na watoto waliokuwa wakicheza ngoma mbele yake walipewa kipande cha sabuni cha bure, cha waridi, chenye harufu ya peponi. Dhahabu alikuwa hajawahi kunusa kitu kama kile. Lakini huwezi kucheza ngoma umeshika mtoto.

Akamvuta Nyevu hadi nyuma ya soko, kwenye ngazi za wauza ukwaju, akamkalisha. Akaokota mbegu tatu, akamfungia pindoni. "Hesabu mbegu," akamwambia. "Ukimaliza kuhesabu nitakuwa nimerudi. Usiinuke. Usimpe mtu mkono." Mtoto alijua kuhesabu hadi tatu tu. Mvua ikaanza. Dhahabu akacheza mvuani hadi akapewa kipande chake, na aliporudi kwenye ngazi, ngazi zilikuwa tupu.

Alimwambia mama yake, "Aliniponyoka nyamani, katikati ya watu."

Ni hilo tu. Uongo mmoja mdogo wa mtoto anayeogopa kuchapwa. Lakini kwa uongo huo mama yao alimtafuta Nyevu upande wa nyama. Siku ile, na kesho yake, na kila Alhamisi kwa miaka kumi na miwili. Aliuliza wachinjaji, akatazama chini ya meza zao, akajua majina ya wote hata ya wake zao. Wale wa ukwaju hakuwauliza, kwa sababu kwa nini awaulize? Huenda wao ndio walioona. Mama akafa mzee, na usiku wa kufa alimuuliza Dhahabu mara ya mwisho, "Alikuponyoka wapi hasa, mwanangu?" Na Dhahabu, mtu mzima, mjane, akajibu, "Nyamani, mama."

Jua likaondoka kwenye kizingiti. Abdulghani akatoa tangazo la pili, akazima. Dhahabu alisikia ule mlio wa kuzimwa. Halafu juu ya mnara, kipaza kikakohoa chenyewe.

Kwanza ilisikika kama mvua juu ya mabati. Halafu watu wengi, wachuuzi, kisu kikigonga gogo. Na ndani ya kelele hiyo sauti ya mwanamke, imekauka kwa kuita.

"Wapi? Sehemu gani? Nimezunguka nyamani kote. Niambieni ni wapi."

Mbuzi wakalala chini, wote, kwa pamoja. Abdulghani akatoka msikitini mbio kwa miguu ya kijana, waya wa kipaza mkononi.

"Mimi nimekizima!" akasema. "Tazameni! Waya huu hapa, nimeung'oa kabisa. Huyu anayesema ni nani?"

Pasta Matthew alikuwa ameshika simu yake kama msalaba. "Labda ni redio imeingiliana," akasema.

"Redio gani, Pasta, isiyotaja dawa ya jino?" Bi Alawiya akasema, akijaribu kucheka.

Sauti ile Dhahabu aliijua kuliko ya kwake. Mama yake alikuwa bado anatafuta. Amekufa, amezikwa Kaloleni miaka kumi na mitatu, na bado anazunguka nyamani, kwa sababu huko ndiko mwanawe alikomwelekeza.

"Pasta," akasema, "ikifika magharibi?"

"Mama Dhahabu, sheria ni sheria. Nitampeleka kituoni. Atalala kwa nyumba ya watoto, kesho wataangalia." Akapunguza sauti. "Kama atakubali kuinuka."

Kumbe naye alikuwa ameshaona kwamba huyu si mtoto wa kawaida.

Dhahabu akamtazama mtoto. Moja, mbili, tatu. Akikaa kimya, adhana italia, benchi litabaki tupu, na hakuna mtu Ziwa la Ng'ombe atakayejua. Ataendelea kuwa Dhahabu ambaye hajawahi kumpoteza mtoto wa mtu. Na Nyevu ataendelea kungoja mahali ambapo mama haendi kutafuta. Na akisema, itabidi aseme kwa sauti inayofika huko mama aliko. Sauti hiyo ilikuwa moja tu mtaani, na ingefika kila nyumba.

Akaweka fagio chini. Akavuka njia.

"Mzee Abdulghani, rudisha waya. Tangazo la tatu nitasema mimi."

"Wewe?" Mzee akashtuka. "Dhahabu, mwanamke kwenye kipaza cha msikiti, na wa kanisani? Wataka wanitoe meno yaliyobaki?"

"Mwenye mtoto ninamjua. Hatasikia sauti yako. Atasikia yangu."

"Utasema nini?"

"Amana."

"Amana haisemwi! Sheria tumeiweka pamoja, wewe ndiye uliyeishika kuliko sote. Ukiisema, kesho nani atakuamini na mtoto?"

"Nani aliyeifunga amana hii, mzee? Niulize."

Abdulghani hakumuuliza. Aliingia ndani, akachomeka waya, na baada ya kitambo kipaza cha mkononi kikatokea dirishani, kikining'inia nje ya ukuta, upande wa njia.

"Mimi simuoni mtu," sauti yake ikasema kutoka ndani. "Mimi natazama kibla."

Dhahabu akakishika. Kilikuwa na joto la mkono wa mzee. Akasema:

"Mama. Ni mimi, Dhahabu. Nilikudanganya. Nyevu hakuniponyoka, na hakupotelea nyamani. Nilimwacha. Nilimkalisha nyuma, kwenye ngazi za wauza ukwaju, nikamwambia asiinuke, nikaenda kucheza ngoma kwenye gari la sabuni. Umemtafuta mahali sipo, mama, na nilikuona ukienda, kila Alhamisi, na nilinyamaza. Njoo nyuma. Yuko nyuma, anakungoja. Pindo la kushoto nilimfungia mbegu tatu za ukwaju."

Mtaani, mama waliokuwa wakikaanga samaki waliacha samaki waungue. Waliokuwa wakigombana walisahau wamefika wapi. Nasikia hata Jomvu Kuu, ng'ambo ya maji, mtu alisimama katikati ya njia akasema, "Nani huyo analia?"

Dhahabu akaachia kipaza, akarudi kwenye benchi, akakaa kando ya mtoto. Akangoja. Wa kwanza kujua alikuwa Abdulghani, aliyekuwa ametoka mlangoni. Alisikia ndara zikipita mbele yake, na kwa adabu ya mazoea akasema, "Shikamoo."

"Marahaba," akajibiwa.

Kisha mzee akakumbuka kwamba yeye ana miaka sabini na saba, na mtaa ule hakuna mwanamke wa umri wa kuamkiwa naye. Akakaa chini palepale mchangani.

Dhahabu akamwona. Alikuja na kikapu kichwani, amelowa, amejifunga leso ya korosho za manjano, na ubavuni leso ilikuwa imekatwa kipande. Hakuwa yule bibi aliyezikwa Kaloleni. Alikuwa wa umri ule wa siku ile, kama miaka thelathini, mdogo kuliko Dhahabu kwa kiasi cha kuwa binti yake. Miguu yake ilikuwa miguu ya watu. Ile ya punda tuwaachie wanaotisha watoto. Akasimama mbele ya benchi.

Dhahabu akainuka, mwanamke wa mvi, akainamisha kichwa. "Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Mkono wa Dhahabu ulitaka kumsukuma mtoto mbele mara moja, yaishe. Lakini kazi ni kazi. "Nitajie amana," akasema.

"Mbegu tatu za ukwaju, pindo la kushoto," mama akasema. "Nimesikia sasa hivi." Akashusha pumzi, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. "Nyuma. Kumbe ni nyuma tu."

Nyevu akaacha kuhesabu. Akamtazama Dhahabu kwa mara ya kwanza, akamtazama mvi na makunyanzi, wala hakushangaa.

"Dada, nimemaliza?"

"Umemaliza."

Ndipo akatoa mkono alioficha. Ulikuwa baridi kama samaki wa barafu. Dhahabu akaushika, wote, kila kidole, akauweka ndani ya mkono wa mama yao. Na akaachia. Nimeambiwa huko kuachia kulimchukua muda mrefu kuliko tangazo lote.

Mama akageuka kwenda. Baada ya hatua mbili akasimama, bila kutazama nyuma.

"Na hiyo sabuni," akasema, "ilitoa povu?"

"Sikuiogea, mama. Hata siku moja."

Mama akatikisa kichwa, hivi, kama alivyokuwa akifanya watoto wakivunja chungu. Hakusema amesamehe. Hakusema hakusamehe. Abdulghani alikuwa ameshainuka na kurudi ndani, na adhana ya magharibi ikaanza, na sauti ya mzee ilikatika mara mbili, jambo ambalo halijawahi kutokea. Ilipokwisha, benchi lilikuwa tupu na limelowa, na kaimati kwenye sahani zilikuwa zimebaki mbili.

Usidhani kesho yake walimbeba juu juu. Wapo wanawake waliompita bila salamu. Mmoja, ambaye mwanawe alikaa kwenye benchi lile mara tatu, alisema mbele ya kanisa, kwa sauti, "Kumbe tulimpa watoto wetu mtu aliyemuuza mdogo wake kwa sabuni." Dhahabu alisikia. Aliendelea kufagia hadi alipofika miguuni pake, akasema, "Inua mguu, mama," akafagia chini yake.

Ijumaa jioni wazee wa nyumba zote mbili wakakaa barazani. Dhahabu akaja na funguo za kanisa zimefungwa kitambaani, tayari kuziweka. Walizungumza sana. Mwisho Pasta Matthew akasema, "Mama Dhahabu, benchi tunakuachia. Lakini amana, kuanzia leo, itachaguliwa na Bi Alawiya."

"Ni haki," Dhahabu akasema.

"Mimi?" Bi Alawiya akasema. "Mimi siri hainikai hata kwenye friji!"

"Utajifunza," Abdulghani akamwambia. "Na wewe Dhahabu, rudisha hizo funguo kiunoni. Uso huo wa msiba wawatisha mbuzi."

Akarudi kwake kabla giza halijaingia. Chini ya kitanda ana mkebe wa majani ya chai, wa zamani, umefungwa kwa kamba, na ndani yake kimekaa kile kipande cha sabuni, kikavu, kimepasuka kama kisigino. Miaka yote hiyo hakukitumia na hakukitupa. Alikuwa amekata shauri: leo atakiogea, apate kujua kama kinatoa povu, ili akiulizwa tena awe na jibu la kweli.

Kamba ilikuwa imefungwa vilevile, kwa fundo lake mwenyewe. Akaifungua. Harufu ya waridi ikatoka, mbichi, kama siku ile ya mvua.

Sabuni ilikuwa imelowa. Ilikuwa imeisha nusu, povu bado linatumbuka pembeni, na juu yake palikuwa na alama za vidole vidogo vinne, na kando ya hizo alama za vidole vya mtu mzima.